Mafunzo ya Kiangazi kwa Watoto Wenye Vipawa: Habari za Arnold Ross na Wanafunzi Wake

Kwa Kiswahili mtoto aliyejaliwa akili nyepesi kuliko wenziwe huitwa mwenye kipawa au mwenye kipaji, na maneno yote mawili yanatokana na kitenzi "kupa". Jina lenyewe basi lakiri kwamba akili hiyo mtu amepewa, hakuichuma mwenyewe. Lakini jina halisemi kitu hicho kikishatolewa kitunzwe na nani, wala kwa njia gani. Katika makala haya nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kueleza habari za shule moja ya muda, ambayo Arnold Ross aliianzisha huko Marekani mwaka 1957 na ambayo ingali ikiendelea hadi leo. Nitaigusa pia mifano mingine miwili ili msomaji apate kupima.

Kwanza yafaa niseme neno juu ya "kiangazi". Watu wa huko wasemapo kiangazi wanakusudia miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati jua lao lina nguvu na shule zao zimefungwa. Kwetu pwani miezi hiyo ni ya kipupwe na upepo wa kusi, na joto letu huja na kaskazi. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba hali ya hewa ndiyo iliyo kiini cha jambo hili. Kiini chake ni nafasi. Katika miezi hiyo mabweni ya vyuo vikuu yamebaki matupu, wahadhiri hawana zamu ya kufundisha, na watoto wako huru na mitihani. Atakayetaka kumfundisha mtoto bila kubanwa na mwongozo wa masomo ya serikali hapati wakati ulio bora kuliko huo.

Arnold Ross alizaliwa Chicago mwaka 1906, lakini alikulia Odessa, katika nchi ambayo sasa ni Ukraine, kwa kuwa mama yake alirudi naye huko angali mdogo. Vita Kuu ya kwanza, mapinduzi na njaa vilimkuta huko. Jamaa yake mmoja alipomtafutia mwanawe mwalimu wa hesabu, Ross aliomba kujiunga na somo hilo, na mwalimu huyo alikuwa Samuil Shatunovsky, mwanahesabu mwenye sifa katika mji ule. Fedha wakati huo haikuwa na thamani. Yasimuliwa kwamba ujira wa mwalimu ulikuwa ratili moja ya peremende za Kifaransa. Vitabu navyo vilikuwa haba mno. Hivyo somo liliendeshwa kwa mazungumzo: mwalimu atoa swali, mwanafunzi ajibu, na jibu lipimwe kwa hoja.

Ross alirudi Chicago mwaka 1922, akasoma katika chuo kikuu cha mji huo. Huko alikutana na E. H. Moore, naye ni mwalimu wa namna ile ile, aliyependa kuweka mbele ya darasa jambo lisilothibitishwa na kuwaachia wanafunzi kazi ya kuamua kama ni kweli au si kweli. Shahada ya udaktari Ross aliipata mwaka 1931 chini ya L. E. Dickson, bingwa wa nadharia ya namba. Mtu akiwa na walimu kama hawa watatu, si ajabu kwamba alipokuwa mwalimu mwenyewe hakuridhika na desturi ya kuandika kanuni ubaoni na kuamuru ikaririwe.

Mwaka 1946 alikwenda kuongoza idara ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, na mwaka uliofuata alianza mafunzo ya walimu wa shule. Huu ni utaratibu mzuri wa kuangaliwa: alianza na walimu, na baada ya miaka kumi ndipo alipowachukua watoto. Watoto wa kwanza wa sekondari waliingia katika kiangazi cha mwaka 1957. Wengi hudhani kwamba mafunzo ya namna hii yote yalizaliwa na hofu ya Wamarekani pale Warusi waliporusha chombo chao cha Sputnik. Lakini Sputnik ilirushwa Oktoba mwaka ule, yaani baada ya kiangazi kwisha. Kweli ni kwamba hofu ile ilizitia serikali na wafadhili ukarimu, na sheria ya elimu ya mwaka 1958 ikaleta fedha nyingi. Walakini wazo lilikuwako kabla ya fedha. Ross alipohamia Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1963, mafunzo yalimfuata mwaka 1964.

Sasa tuyatazame mafunzo yenyewe. Wakati wa Ross yalichukua majuma manane. Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, awe ametoka shule ya fahari au shule ya shamba, walisoma somo moja tu, nalo ni nadharia ya namba, yaani elimu ya namba kamili: moja, mbili, tatu na wenzake. Msomaji atastaajabu. Je, mtoto mwenye kipawa hazijui namba hizo? Azijua, na ndiyo sababu zilichaguliwa. Katika somo hili hapana anayemzidi mwenziwe kwa kuwa amesoma vitabu vingi zaidi, na swali liulizwalo kwa maneno mepesi laweza kumshinda mtu mzima mwenye elimu. Shabaha ya Ross ilikuwa kuwafundisha kufikiri kwa kina juu ya mambo mepesi, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa wito wa shule yake.

Nitatoa mfano, nao nimeufanya wangu kwa sababu saa yetu yafaa sana kuuelezea. Ikiwa sasa ni saa tisa alasiri, baada ya saa tano itakuwa saa mbili. Katika hesabu ya saa, tisa na tano ni mbili, na kumi na mbili ni sawa na sifuri. Mswahili anayegeuza saa ya Kizungu kuwa ya kwetu huongeza sita au hutoa sita, na ni mamoja, kwa kuwa tofauti ya mambo hayo mawili ni kumi na mbili, yaani si kitu. Kila siku twaifanya hesabu hii bila kuijali. Mwanafunzi wa Ross huambiwa aijali. Aulizwe: katika saa hii, tatu mara nne ni ngapi? Ni sifuri. Namba mbili ambazo hakuna hata moja iliyo sifuri zimezaa sifuri! Basi atafute namba ambazo zikizidishwa na namba fulani hutoa moja. Atakuta kwamba katika saa ya kumi na mbili ziko nne tu: moja, tano, saba na kumi na moja, na kila moja ni mwenzi wa nafsi yake, tano mara tano ni ishirini na tano, ambayo ni moja.

Kisha apewe saa ya saba, kama siku za juma. Hapa mambo yageuka. Mbili hupata mwenzi, naye ni nne, tatu hupata tano, sita hujitosheleza. Hakuna namba iliyoachwa ila sifuri, wala hakuna mbili zinazozaa sifuri. Kwa nini? Mwalimu hajibu. Siku ya pili aleta saa ya kumi na moja na saa ya tisa, na siku ya tatu mtoto aanza kunong'ona kwamba saba na kumi na moja ni namba tasa. (Siku za juma zenyewe ni fumbo kwa mwanafunzi wa lugha: twahesabu tano tukaita Jumatano, na kesho yake twasema Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano pia. Hesabu mbili zenye mianzo tofauti zimekutana katika juma moja, na hapana anayepotea.)

Kila siku ya somo wanafunzi walipewa karatasi ya maswali, na maswali mengi yalitangulia somo lenyewe. Mtoto aliombwa akisie kanuni kabla haijatajwa, na pengine siku nyingi zilipita kabla hajapata nyenzo za kuithibitisha. Amri iliyowekwa juu ya maswali mengi ilikuwa na sehemu tatu: thibitisha, au kanusha, na ikiwezekana okoa. Sehemu hii ya tatu, kwa maoni yangu, ndiyo yenye thamani kubwa. Shuleni jibu likiwa kosa hutiwa mkasi na habari imekwisha. Hapa usemi wa uongo huulizwa una ukweli gani ndani yake. Kwamba "namba mbili zikizaa sifuri, moja wapo ni sifuri" ni uongo katika saa ya kumi na mbili. Lakini ukiongeza sharti kwamba saa iwe ya namba tasa, usemi umeokoka, na mtoto amepata kanuni ambayo ni yake.

Kazi hii haingewezekana kwa mhadhiri mmoja. Ross alizungumza kila siku mbele ya wote, lakini katika mabweni waliishi vijana waliopata kuwa wanafunzi wake katika viangazi vilivyotangulia, kila mmoja na kikundi chake kidogo. Hao ndio waliosoma karatasi na kuzirudisha na maelezo ya makosa, na ndio waliogongewa mlango usiku wa manane na mtoto aliyeamini ameupata uthibitisho. Mwanafunzi aliyefanya vizuri alialikwa kurudi, kwanza kama msaidizi mdogo, kisha msaidizi kamili. Ni desturi inayofanana na ya vyuo vyetu vya Kurani, ambako mwanafunzi aliyetangulia huwasomesha wadogo huku mwenyewe angali chini ya mwalimu. Mtoto anayewazidi wenziwe shuleni huzoea kuwa peke yake, au, lililo baya zaidi, huzoea kuficha akili yake ili asichekwe. Kukuta chumba cha pili kuna mwingine asiyelala kwa ajili ya namba tasa ni jambo ambalo mwalimu wa peke yake, hata awe hodari vipi, hawezi kumpa.

Haya si mawazo ya watu wote. Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alishika njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipewa habari za mvulana mmoja mdogo ambaye shule yake haikuwa tena na la kumfundisha. Akampa mtihani uliotungwa kwa vijana wanaokaribia kuingia chuo kikuu, na mvulana akaupita vizuri sana. Mwaka 1971 Stanley alianza uchunguzi mkubwa wa watoto wa namna hiyo, nao ungali ukiendelea, sasa katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Kwake dawa ilikuwa mwendo: mtoto aachiwe aende kwa kasi yake, na katika majuma machache ya kiangazi amalize somo ambalo shuleni lingemchukua mwaka mzima. Ross alimtaka mtoto akae, Stanley alimtaka aende. Mimi naegemea upande wa Ross, kwa kuwa mtoto aliyekimbizwa aweza kufika mbali na bado asijue kuuliza swali lake mwenyewe. Walakini Stanley ana sifa moja isiyokanushika: mtihani wake uliwafichua watoto ambao walimu wao hawakuwa wamewatambua.

Huko Urusi Andrei Kolmogorov, mwanahesabu mkuu wa taifa lake, alifungua shule ya kiangazi huko Krasnovidovo mwezi wa Agosti 1963, na kabla mwaka haujaisha ikazaa shule ya bweni mjini Moscow iliyodumu. Alitembea msituni na watoto na kuwasikilizisha muziki. Wamarekani na Warusi walikuwa mahasimu, lakini katika jambo hili walifanana kuliko walivyokubali.

Hapo lipo suala gumu: nani ataingia? Wanaoomba shule ya Ross siku hizi huletewa maswali ya hesabu wayafanyie kazi nyumbani kwa muda mrefu, na huangaliwa namna wanavyofikiri zaidi ya alama walizopata shuleni. Ni njia ya haki kuliko mtihani wa saa mbili, ingawa gharama ya kukaa huko bado ni kubwa kwa asiyepata msaada, na mtoto asiyesikia habari za shule hiyo hawezi kuomba. Sisi tuna kizuizi chetu. Tanzania ina shule za sekondari za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala. Lakini katika shule za msingi za serikali mtoto husoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote, na aingiapo sekondari hukuta hesabu zile zile kwa Kiingereza. Aliyekuwa mwepesi jana leo aonekana mzito, na mwalimu hana njia rahisi ya kujua kama kilichopungua ni akili au ni maneno.

Ross aliendelea kufundisha kila kiangazi hadi mwaka 2000, akiwa na umri wa zaidi ya miaka tisini, na alifariki mwaka 2002. Daniel Shapiro alishika nafasi yake. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, Glenn Stevens, alikuwa kati ya walioanzisha mafunzo ya namna hiyo hiyo katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1989, nayo yangali yakiendelea.

Karatasi za maswali ya namna ile zingeweza kuandikwa kwa Kiswahili bila taabu kubwa. Namba tasa, kigawo, baki na uthibitisho ni maneno ambayo mwalimu anayo tayari. Panapohitaji kufikiriwa ni ile amri ya tatu. Nimeandika "okoa", na wengine wangependelea "nusuru". Lakini tunalo pia neno "opoa", litumikalo kwa ndoo iliyotumbukia kisimani na kutolewa kwa kulabu, na hilo naliona linakaribia zaidi kazi yenyewe, maana usemi ulioanguka hutolewa na maji ndani yake.