Hadubini ya Mwanga Bapa: Kutazama Uhai Bila Kuudhuru

Mwanga ndio umwezeshao mwanabiolojia kuona kwa hadubini, lakini mwanga huo huo waweza kukidhuru kiumbe kinachotazamwa. Seli zimulikwapo kwa nguvu na kwa muda mrefu, kemikali zenye sumu hutokea ndani yake. Seli hudhoofika, na pengine hufa. Hapo mtazamaji haoni tena uhai, bali madhara aliyoyasababisha mwenyewe.

Chanzo cha tatizo ni njia ya kumulika. Katika hadubini nyingi mwanga hupenya unene wote wa kiumbe, ingawa ni tabaka moja tu lionekanalo vizuri. Kiumbe kikipigwa picha za matabaka 100, kila sehemu yake humulikwa mara 100.

Ufumbuzi ni kumulika kwa ubavuni. Mtu aliyeketi katika chumba chenye giza huona vumbi likielea ndani ya mwali wa jua upenyao ufa wa dirisha, kwa kuwa huutazama mwali huo kwa upande. Mwaka 1903 Henry Siedentopf na Richard Zsigmondy walieleza chombo cha namna hiyo, walichokitumia kuonea chembe za dhahabu zilizomo katika kioo. Mwaka 2004 Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao mjini Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba njia hiyo yafaa kwa viumbe hai.

Katika hadubini hiyo, lenzi moja huufanya mwanga wa leza uwe bapa, wenye unene wa mikromita chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Lenzi ya pili, iliyowekwa kwa pembe mraba, hutazama tabaka hilo lililomulikwa peke yake. Sehemu nyingine za mwili hubaki gizani. Kamera hupiga picha ya tabaka zima kwa mara moja, kisha tabaka linalofuata, na kompyuta huziunganisha picha hizo.

Mwaka 2008 Philipp Keller na wenzake walifuatilia kiinitete cha samaki Danio rerio kwa saa 24 za mwanzo, wakaona jinsi maelfu ya seli zilivyogawanyika na kuhama. Mwaka 2018 kiinitete cha panya kilifuatiliwa kwa takriban siku 2.

Hata hivyo, mwili usiopenyeza mwanga hauwezi kuchunguzwa hivyo kwa kina.

Wanafunzi waweza kuijaribu kanuni hii. Tone la maziwa litiwe katika glasi ya maji, na tochi ifunikwe kwa karatasi nene yenye ufa mwembamba. Glasi ikimulikwa gizani na kutazamwa kwa ubavuni, mwanga bapa utaonekana dhahiri.