Acheni Kuuliza Oldfield Aliharibika Lini

Wapenzi wa muziki wa ala wakimjadili Mwingereza Mike Oldfield, swali huwa lile lile: aliharibika lini? Wapo wanaosema ni baada ya albamu ya Ommadawn ya 1975, wapo wanaosema ni baada ya Incantations ya 1978, na wapo wanaoapa kwamba hajaifikia tena Tubular Bells, iliyotoka Mei 1973 alipokuwa na umri wa miaka 20 tu. Swali hili limeulizwa mpaka linachosha, na majibu kutofautiana siyo tatizo lake. Tatizo ni kwamba linaipa kalenda kazi ya masikio.

Imani yenyewe ni kwamba miaka ya sabini alikuwa msanii, ilipoingia ya themanini akaifuata pesa na kutunga vibao vya redio. Ushahidi unaoletwa kila mara ni Moonlight Shadow, ulioimbwa na Maggie Reilly mwaka 1983. Anayeuleta hajaisikiliza albamu iliyoubeba, kwa sababu upande wote wa kwanza wa Crises ni kipande kimoja cha dakika 20 hivi. Five Miles Out ya mwaka uliotangulia inafunguliwa na Taurus II, yenye dakika zaidi ya 24. Hata Islands ya 1987, inayosimangwa kuliko nyingi, ina The Wind Chimes, ambayo nayo inavuka dakika 20. Kweli, Earth Moving ya 1989 ni nyimbo fupi tupu, na ni dhaifu. Lakini mwaka uliofuata mtu huyo huyo alitoa Amarok, kipande kimoja cha dakika 60 kisicho na mahali pa kukatia wimbo wa redio. Kama alishaharibika ilipoingia miaka ya themanini, hiyo ilitoka wapi? Na kuhusu pesa, Tubular Bells ndiyo iliyofungua mlango wa kampuni ya Virgin, na filamu ya The Exorcist ilipotumia sehemu yake ya mwanzo, albamu hiyo ikauzika hata Marekani. Kama kuuza ni dhambi, basi dhambi ilianza na albamu ya kwanza.

Mtu atauliza: je, mashabiki wote hao wamesikia vibaya? Hapana, ila mara nyingi hawabishanii kitu kimoja. Hergest Ridge ilishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1974, kisha ikaondolewa kileleni na Tubular Bells. Mwaka 1976 Oldfield aliichanganya sauti upya kwa ajili ya mkusanyiko wa Boxed, baadhi ya ala zikapungua, na miksi hiyo ndiyo iliyouzwa kwa miaka mingi hadi ile ya asili iliporudishwa mwaka 2010. Aliyenunua santuri mwaka 1974 na aliyenunua CD miaka ya tisini wanagombana juu ya rekodi mbili tofauti. Tofauti nyingine ni ya kiu. Kuelekea mwisho wa upande wa kwanza wa Ommadawn, ngoma za Jabula, kundi la Julian Bahula, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni Uingereza, zinashika mwendo huku sauti za wanawake zikiitikia na gitaa la umeme likipanda juu yake. Aliyependa ngozi ya ngoma ataziona sinthesaiza za Crises baridi, na aliyependa unadhifu wa Crises ataiona Amarok kelele. Hizo ni ladha mbili, na hakuna hata moja inayothibitisha kuporomoka.

Je, basi albamu zote ni sawa? La hasha. The Millennium Bell ya 1999 inaruka kutoka zama hadi zama za historia, na mawazo yake yanakatwa kabla hayajakua. Kipimo ndicho hicho: wazo la mwanzo linaporudi, je, limebadilika, au limerudiwa tu? Kipimo hicho kinainyanyua Amarok ya 1990 na kuishusha Earth Moving ya 1989, kwa hiyo mwaka hauamui chochote. Ila lazima usikilize hadi mwisho, maana anayeihukumu Amarok baada ya dakika kumi ni sawa na anayezima rumba kabla ya sebene.

Kwa anayetaka pa kuanzia: ukipenda ngoma, chukua Ommadawn. Ukitaka waimbaji pamoja na kipande kirefu, Crises. Una subira, Incantations. Una saa nzima bila simu, Amarok. Hergest Ridge, tafuta toleo la 2010 lenye miksi ya asili. Return to Ommadawn ya 2017, vipande viwili virefu na ala zote kapiga mwenyewe, iache mwisho. Ukishamaliza, bishana utakavyo, lakini taja kwanza ni miksi gani uliyoisikia na kama uliifikisha mwisho. Asiyeweza kuyataja hayo mawili hana hoja ya kujibiwa.