Mzazi, Nenda Ziarani na Watoto wa Wenzio

JE, mzazi mwenzangu, ni mara ngapi mwanao amekuletea barua ya ziara ya shule, ukatia sahihi, ukatoa pesa, kisha ukarejea kwenye shughuli zako? Mimi nilifanya hivyo miaka miwili mfululizo. Mwaka huu mwanangu wa Gredi ya 3 alinikazia macho na kuniuliza, "Mama, nawe utakuja?" Nikakosa udhuru.

Ziara yenyewe ilikuwa ya Hifadhi ya Haller huko Bamburi, Mombasa, ambako watoto wangejionea samaki na viumbe wengine wa majini. Saa mbili asubuhi basi liling'oa nanga, mimi na mwanangu tukiwa kiti kimoja. Tuliposhuka tu, mwalimu akaniambia, "Mama, wewe utachunga kundi la pili." Mwanangu alikuwa kundi la nne! Nilinuna. Niliomba ruhusa kazini siku nzima ili nikachunge watoto wa watu?

Huenda hujui kwamba mahali hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, kazi iliyoanza mwaka 1954. Mnamo 1971, Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika jangwa hilo la mawe. Kati ya aina 26 alizojaribu, ni tatu tu zilizostahimili, mmojawapo ukiwa mvinje. Hata hivyo, majani yake makavu hayakuoza upesi mpaka walipoletwa jongoo, wakayala na kuyageuza kuwa mbolea. Leo pana msitu, na ndani yake vidimbwi vya samaki.

Kando ya kidimbwi cha tilapia nilisikia sauti niliyoijua. "Samaki hulala?" Alikuwa mwanangu, yule ambaye nyumbani wageni wakija hujificha nyuma ya mlango! Akajibiwa kwamba hulala macho wazi kwa sababu hawana kope. Nikatambua kwamba ningalikuwa kando yake, ningalimjibu mimi kabla hajathubutu kuuliza.

Kisha tukasimuliwa kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyetengana na wenzake na kuokolewa baharini karibu na Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Alipoletwa hapo alimwandama kobe mkubwa aliyeitwa Mzee, mwenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mwanzoni kobe alimkimbia. Baadaye wakawa wanakula na kulala pamoja.

Msichana mmoja wa kundi langu alinivuta nguo. "Anti, mamake alienda wapi?"

"Walipotezana," nikamwambia.

"Wangu yuko Saudia," akasema. "Anafanya kazi huko. Yeye atarudi."

Sikuwa na la kumwambia. Nilimshika mkono, naye hakuuachilia mpaka saa kumi tulipopanda basi.

Usiku ule mwanangu aliniuliza mbona yule mwenzake alinishika mkono siku nzima. Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ziara nyingine uje tena, umshike."

Hivyo basi, mzazi, barua ijapo mara nyingine, jaribu kwenda. Wahesabu watoto wa kundi lako kila mnapohama mahali na kabla basi halijaondoka. Simu iache mkobani. Beba chapati mbili tatu za ziada, kwani hakosi aliyekuja mikono mitupu. Mtoto akiulizwa swali, mwache ajibu mwenyewe, hata akikosea.

Na ukipewa kundi ambalo mwanao hayumo, usinune kama mimi. Mwanao yuko mikononi mwa mzazi mwingine, nawe huenda umekabidhiwa mtoto ambaye siku hiyo hakuwa na wa kuja naye.