Nani hasa anapanga sheria za soka? Si FIFA peke yake

Juni 2025, kwenye Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani, kipa wa Mamelodi Sundowns, Ronwen Williams, alikaa na mpira mikononi kupita muda. Mwamuzi akawapa Ulsan ya Korea Kusini kona. Mashabiki wengi wakabaki wanaulizana: hiyo kona imetoka wapi?

Ni sheria mpya. Kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapiga kona. Zamani zilikuwa sekunde 6 na adhabu ilikuwa faulo isiyopigwa moja kwa moja golini, ila waamuzi wengi waliifumbia macho.

Ukiuliza nani kaamua, utaambiwa FIFA. Hilo ni nusu ya jibu, tena nusu kwa maana ya hesabu.

Mwenye mamlaka ni bodi inayoitwa IFAB. Iliundwa 1886 na vyama vinne: England, Scotland, Wales na Ireland. Kabla ya hapo kila chama kilikuwa na sheria zake, hivyo timu zikikutana ilibidi kwanza zikubaliane zinacheza kwa sheria za nani. FIFA ilizaliwa baadaye, 1904, na ikaingia kwenye bodi hiyo 1913.

Kura ziko 8. FIFA ina 4. England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana moja moja. Sheria haibadiliki bila kura 6. Maana yake FIFA lazima ipate wawili kati ya wale wanne, na wale wanne hata wakiungana hawafiki popote bila FIFA.

Na sisi? Tanzania, Kenya, Congo, hata Brazil yenye makombe matano ya dunia, hatuna kura ya moja kwa moja. Sauti zetu zinapitia FIFA, yenye wanachama 211. Wales ina kura yake mkononi. Haki? Ukiniuliza mimi, hapana, ila ndivyo historia ilivyoliacha jambo.

Mabadiliko mengi huanzia kwenye kero. Penalti ililetwa 1891 kwa wazo la kipa wa Ireland, William McCrum, kwa sababu mabeki walikuwa wakicheza rafu makusudi karibu na goli. Kombe la Dunia la 1990 lilichosha watu kwa kurudisha mpira kwa kipa kila dakika. Mwaka 1992 kipa akakatazwa kudaka pasi ya mguu ya mwenzake. Bao la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani lilikataliwa 2010 wakati mpira ulishavuka mstari, na 2012 teknolojia ya mstari wa goli ikaruhusiwa.

Bodi hukaa kila mwaka, kwa kawaida Februari au Machi, na sheria mpya huanza Julai 1 dunia nzima. Ziko 17 tu. VAR imeruhusiwa tangu 2018 lakini si lazima, kwa hiyo ligi isiyo nayo haijavunja kitu.

Soka la watoto, maveterani na mtaani limepewa nafuu: uwanja unaweza kuwa mdogo, dakika chache, aliyetoka akarudi tena. Lakini kipa wa ndondo akidaka pasi ya mguu ya beki wake, hapo hakuna nafuu.