Maua ya kipupwe yasiwe mazalia ya mbu

Masika yakiisha, Mikese hubaki ya kijani kwa muda. Kipupwe kikiingia Juni, wengi huchuma maua na kuyaweka mezani. Ni jambo jema. Hata mgonjwa aliyelala ndani wiki nzima hufurahi kuona kitu kizuri mbele yake.

Julai mwaka jana nilimtembelea shangazi yangu Mikese. Baada ya shikamoo na chai, nilisogeza kopo la mawaridi lililokuwa mezani, nikaona viluwiluwi vya mbu vikicheza majini. “Kipupwe hiki mbu watoke wapi, mwanangu?” aliniuliza. Kweli mvua ilikuwa imekatika, lakini maji yale yalikuwa ndani, palepale mjukuu wake anapochezea.

Mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, hutaga kwenye vyombo vyenye maji yaliyotulia. Ndiye anayeeneza homa ya dengue, iliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi.

Yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Kwa hiyo, mara 2 kwa wiki, mwaga maji ya maua kwenye udongo mkavu, kisha usugue chombo kwa ndani. Kusuuza tu hakutoshi: mayai hunata ukutani na huweza kukaa makavu kwa miezi. Visahani vya chini ya vyungu vijaze mchanga.

Mtoto akipata homa ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho na viungo, mpeleke kituo cha afya apimwe, malaria ikiwemo. Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwani zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli inafaa, kwa kipimo cha uzito wake. Akiumwa sana tumbo, akitapika mfululizo, akitoka damu kwenye fizi au akilegea, mkimbize hospitali, hata kama homa imeshuka. Hapo ndipo wazazi wengi hudhani amepona.

Shangazi hakuacha maua yake. Jumatano na Jumapili mjukuu humkumbusha: “Bibi, maji!”