Kina Kilivyotoweka Studioni

Picha za watu zenye kina, zilizopigwa katika studio za London na Paris miaka ya 1850, ziliachwa zikiwa bora kuliko zile zilizochukua nafasi yake. Hilo ndilo linalonisikitisha.

Antoine Claudet, Mfaransa aliyefungua studio London mwaka 1841, alikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa picha hizo. Mteja alipigwa picha mbili kutoka pembe zilizotofautiana kidogo, kama macho yetu mawili yanavyotofautiana. Kila picha ilitokea kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, likafukizwa kwa mvuke wa zebaki. Ukiyachungulia mabamba hayo kwa lenzi za stereoskopu, pua inachomoza, lesi inaachana na gauni, na aliyeketi anaonekana kweli amekilemea kiti. Katika Maonyesho Makuu ya 1851, Malkia Victoria alivutiwa na stereoskopu ya fundi Jules Duboscq, na wenye fedha wakamfuata.

Wengi husema mbinu ya kolodioni ya Frederick Scott Archer, iliyotangazwa mwaka huohuo wa 1851, ndiyo iliyoua ufundi huu, kwa kuwa negativu ya kioo ilitoa nakala nyingi za karatasi. Maelezo hayo hayatoshi. Picha za stereoskopu nazo zilihamia kwenye karatasi, zikauzwa kwa wingi ajabu. Lakini zilibeba magofu, milima na vichekesho vya kuigizwa. Sura ya mteja mwenyewe ilibaki nje.

Kilichobadilika ni kazi ya picha. Mwaka 1854 André Disdéri wa Paris alipata hataza ya kupiga picha kadhaa kwenye bamba moja, kila moja ikibandikwa kwenye kadi ndogo. Bei ikashuka. Kadi iligawiwa ndugu na marafiki, ikatiwa kwenye albamu, sebule nzima ikaitazama. Mwaka 1860 mpiga picha Mayall alipotoa kadi za familia ya kifalme, shauku ikazidi. Mabamba ya Claudet yalikuwa jozi moja tu, na aliyeyatazama aliyatazama peke yake. Hata Claudet mwenyewe alianza kupiga kadi.

Alifariki Desemba 1867. Mwezi uliofuata studio yake iliungua na kazi zake nyingi zikapotea. Zilizosalia ziko katika makumbusho, na vitabu vingi huchapa nusu moja tu ya jozi. Wahariri wanaofanya hivyo wanatuonyesha kadi ya Disdéri kwa jina la Claudet.