Furu wa Ziwa Victoria: Kiumbe Aliyedharauliwa na Gharama Iliyolipwa

Katika familia nyingi za Kanda ya Ziwa, ukitaja samaki watoto watakutajia watatu: sangara, sato na dagaa. Mtoto aliyezaliwa Mwanza, Musoma au Bukoba katika miaka ya karibuni hukua akidhani kuwa hivyo ndivyo ziwa lilivyokuwa tangu hapo. Wazee wanajua kuwa sivyo. Wao walikula ngege na ningu, na zaidi ya wote walikula furu, samaki mdogo mwenye miiba mingi, ambaye bei yake sokoni ilikuwa ndogo na heshima yake ndogo zaidi. Katika makala hii tunataka kumzungumzia huyo mdogo, kwa sababu habari yake ina funzo kubwa kwa kila familia inayoishi kwa riziki itokayo majini na ardhini.

Wataalamu hutumia neno bioanuwai kumaanisha wingi wa viumbe hai na tofauti zao: aina za wanyama, mimea na vijidudu, tofauti zilizomo ndani ya kila aina, na mafungamano yanayowaunganisha wote. Jambo hili si geni kwetu. Surat Al-An'aam inatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Umma una watu wa kazi mbalimbali, na akiondoka mmoja, kazi yake hubaki bila mtu.

Furu walikuwa umma wa namna hiyo. Watafiti wanakadiria kuwa ziwa lilikuwa na aina zao zipatazo 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kila kundi lilikuwa na chakula chake. Wapo waliokwangua mwani kwenye mawe, waliokula masalia kwenye tope, waliokula wadudu, waliokula samaki wenzao, na wapo waliovunja konokono kwa mataya yao. Tukumbuke kuwa miongoni mwa konokono wa majini wamo wanaobeba vimelea vya kichocho. Furu jike hutaga mayai machache na kuyaatamia kinywani mwake. Hata vifaranga wakitoka, hatari ikitokea humkimbilia mama wakaingia tena kinywani.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara aliletwa na kupandikizwa katika ziwa hili. Hakuwa mwenyeji wa hapa. Waliomleta, katika zama za ukoloni, waliona kuwa furu ni samaki duni, basi wakataka samaki mkubwa atakayewala na kuwageuza kuwa nyama yenye bei. Sangara huweza kukaribia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, na jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Kwa miaka mingi hakuonekana kuleta mabadiliko makubwa. Kisha, katika miaka ya 1980, akaongezeka ghafla. Furu, ambao hapo kabla walikuwa zaidi ya robo tatu ya uzito wa samaki wote ziwani, wakawa sehemu ndogo mno. Inakadiriwa kuwa aina zao zipatazo 200 zilitoweka katika muda mfupi ambao mtoto huanza shule na kuimaliza.

Hatusemi kuwa sangara hakuleta manufaa. Viwanda vimejengwa, minofu imeuzwa Ulaya, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa fedha yake. Lakini wanafunzi wa fiqhi wanaijua kanuni isemayo kuwa kuzuia madhara hutangulizwa kabla ya kutafuta manufaa. Waliopandikiza samaki huyu waliyahesabu manufaa tu. Madhara hayakuhesabiwa, na wenye kuyalipa hawakuwa wao.

Madhara hayo yalifika mpaka jikoni. Furu alianikwa juani akakauka, kama anavyoanikwa dagaa. Sangara ana mafuta mengi, na jua peke yake halimtoshi. Anahitaji kukaangwa au kubanikwa kwa moshi, na moshi unahitaji kuni. Hivyo mabadiliko yaliyoanzia majini yakapanda nchi kavu, miti ikakatwa zaidi, na mvua ikaosha udongo wa vilima vilivyo wazi na kuurudisha ziwani. Minofu ilipokwenda ng'ambo, mama wa kipato cha chini akabakiwa na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyokwisha kuondolewa nyama.

Hata hivyo si haki kumbebesha sangara lawama yote. Udongo, mbolea za mashambani na maji machafu ya miji huingia ziwani na kulisha mwani. Mwani ukizidi, maji hufifia, na unapooza hewa hupungua katika vilindi. Watafiti waliochunguza eneo la Mwanza walibaini jambo la ajabu: furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, nyekundu au buluu. Maji yakiwa machafu, rangi haionekani, na aina mbili zilizokuwa mbalimbali huchanganyika zikawa moja. Hivyo kiumbe anaweza kutoweka bila kuvuliwa wala kuliwa, kwa sababu tu maji yake yamechafuliwa.

Baadaye likaja gugu maji, mmea wa asili ya Amerika ya Kusini, likaziba mialo na bandari katika miaka ya 1990 mpaka wakaletwa mbawakavu maalumu wa kulila. Na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu kwa sababu ya uvuvi wa kutumia sumu. Watu wachache walimwaga sumu, na maelfu wasiohusika wakakosa kazi kwa muda.

Tunaohudumu katika kamati ya msikiti huulizwa na wavuvi baada ya sala: samaki wamekwenda wapi? Ni swali la haki, kwani nyuma yake kuna ada ya shule na chakula cha usiku. Jibu letu ni kuwa wengine tumewala kabla hawajazaa. Kokoro linapoburutwa ufukweni huvunja viota vya sato na kuzoa vifaranga pamoja na wakubwa. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya.

Kwanza, mama na baba wanapokwenda sokoni wasinunue sangara aliye chini ya sentimita 50 wala sato aliye chini ya sentimita 25. Asipopata mnunuzi, mvuvi hatakuwa na sababu ya kumvua. Pili, tusilime wala kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyoelekeza, bali tuache matete na miti ichuje maji. Tatu, tusilete kiumbe kigeni, samaki au mmea, kwa kuvutiwa na ukubwa au uzuri wake, bila kuwauliza wenye elimu. Nne, anayevua kwa sumu asifichwe kwa sababu ni jirani au ndugu. Uislamu umetukataza kujidhuru na kudhuru wengine, na samaki wa sumu humdhuru mvuvi, mlaji na ziwa.

Habari njema ni kuwa baadhi ya furu wamerudi, hasa baada ya sangara kuvuliwa kwa wingi. Wengine walinusurika kwenye miamba ambako sangara hawafikii kirahisi, na aina chache zinafugwa katika matangi huko Ulaya na Marekani. Lakini wengi hawatarudi tena. Hakuna kiwanda kiwezacho kuwatengeneza upya, wala fedha ya kuwanunua.

Ziwa hili tulilikuta, hatukuliumba. Ni amana mikononi mwetu, na amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa kamili. Tuwafundishe watoto wetu majina ya samaki wanaobaki, wakiwamo wale wadogo wasio na bei, ili wajue cha kukilinda.